Mtu Asiyeitika

Katika lugha yetu yako maneno mawili yaliyo kama ndugu wa tumbo moja, nayo ni kuzimia na kukata roho. La kwanza husemwa kwa hofu, la pili husemwa kwa kilio. Na baina ya hayo mawili hupita dakika chache tu, nazo watu wengi huzipoteza kwa kusimama na kutazama. Sisi waalimu tumeona vema kuandika juu ya dakika hizo. Shule zetu zina watoto wengi, na vijiji vyetu vina ziwa na barabara, visima na nguzo za umeme. Na kila kimoja katika hivyo chaweza kumwangusha mtu aliyeamka asubuhi akiwa mzima, hata akiitwa jina lake asiitike.

Hatuandiki kama waganga. Kazi yetu ni chaki na daftari. Lakini mambo tunayotaka kuyaeleza si ya waganga peke yao. Ni yale ambayo waganga wenyewe hutusihi tuyajue, kwa maana wao huja baada ya muda, na mgonjwa hana muda. Ubongo wa mtu ukikosa damu yenye hewa safi huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi au sita. Basi na ahesabu kila msomaji: toka mlangoni pake hata kituo cha afya kilicho karibu ni dakika ngapi kwa miguu, ngapi kwa baiskeli, ngapi kwa pikipiki? Sisi tumehesabu kwetu, kando ya Ziwa Viktoria, tukaona ya kwamba hata pikipiki iliyo tayari, yenye mafuta na dereva juu yake, haifiki kwa dakika sita. Awezaye kuwahi ni yule aliye karibu tu: mke, jirani, mwanafunzi, mchuuzi wa samaki.

Zamani kidogo, siku ya gulio, mchukuzi mmoja alianguka penye magunia ya dagaa. Sisi tulifika hapo mtu amekwisha funikwa kanga usoni, kwa hiyo tuliyoyajua tuliyapata kwa wale waliokuwapo tangu mwanzo. Wengine walisema amelewa. Wengine walisema ni kifafa, wakawaonya watoto wasikanyage mate yake. Mmoja alishauri asiguswe mpaka polisi waje, asije aliyemgusa akaandikwa shahidi, au akaambiwa yeye ndiye aliyemwua. Mama mmoja muuza nyanya alimpepea kwa kipande cha boksi, mwingine akammwagia maji ya kichwani. Kisha mzee mmoja, mtu wa heshima asiye na moyo mbaya, alitueleza hivi: "Wanangu, alikuwa akivuta pumzi moja moja, kama samaki aliyetupwa mchangani. Tukajua anakata roho. Tukanyamaza, tukamwacha aende kwa amani."

Hatumlaumu mzee yule. Alitenda kwa adabu, kadiri alivyoona wazee wake wakitenda. Ila tulipomsimulia tabibu wa zahanati habari ile, alinyamaza kitambo, kisha akatuambia neno ambalo hatukulisahau. Pumzi zile za samaki, alisema, si pumzi za kumweka mtu hai, wala si dalili ya kwamba mambo yote yamekwisha. Ni dalili ya kwamba moyo umesimama sasa hivi, na ubongo ungali na uhai kidogo ndani yake. Hiyo ndiyo saa hasa ya kuanza kazi, wala hakuna saa nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Tulirudi tukilitafakari jambo hili. Tukaona ya kwamba jina lenyewe tulilolipa ndilo linalotufunga mikono. Tukisema "anakata roho", tumekwisha toa hukumu. Na mtu akisha hukumiwa, nani tena atampigania? Wanaume hutoa kofia, wanawake huangua kilio, na yule mgonjwa, ambaye pengine angaliweza kurudishwa, huachwa afe mbele ya macho ya watu hamsini wenye huruma. Tangu siku ile tumewazuia wanafunzi wetu wasilitamke neno hilo mbele ya mtu aliyeanguka. Kufa na kupona kwake si kwetu kukata shauri. Mahali pa neno lile tumeweka maswali mawili mafupi, ambayo hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuyashika: Je, aitika? Je, apumua kama watu wapumuavyo?

Lakini kabla ya swali la kwanza iko kazi ya macho. Yatupasa kutazama kilichomwangusha, kisije kikatuangusha na sisi. Kama ni waya wa umeme, usimguse mtu kabla umeme haujakatwa. Kama ni barabarani, wasimame watu wa kuzuia magari kwanza. Kama ni kisimani au shimoni, yaweza kuwamo hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka, na imetukia mara nyingi ndugu kushuka mmoja baada ya mwingine kumwokoa mwenzao, wasipande tena hata mmoja. Na kama ni majini, asiyejua sana kuogelea asijitupe. Na amtupie anayezama kamba, au tawi, au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mwokoaji akianguka juu ya mgonjwa hakuokoa mtu, ameongeza maiti.

Mahali pakiwa salama, ndipo swali la kwanza. Piga magoti karibu naye, mshike mabega yote mawili, umwite kwa sauti kubwa: "Kaka! Wanisikia? Fumbua macho!" Akijibu, au akifumbua macho, au akisogeza mkono kwa kutaka, mwache alivyo, umtazame ana nini, utafute msaada. Asipoitika, paza sauti uite watu. Na hapa wahenga wetu watuwie radhi. Walisema, Penye wazee haliharibiki neno. Na barazani ni kweli. Lakini palipoanguka mtu, penye wengi ndipo neno huharibika, maana ukisema, "Jamani, mwiteni tabibu!" kila mmoja humtazama mwenziwe, na simu haipigwi. Kwa hiyo tumewafundisha wanafunzi wetu kunyosha kidole na kumtaja mtu: "Wewe kaka mwenye shati la bluu, piga simu zahanati, kisha urudi uniambie wamesema nini. Wewe mama, tafadhali, waondoe watoto. Nawe, tafuta pikipiki au gari." Hapo lile kundi lililokuwa ukuta wa kuzuia hewa hugeuka kuwa watenda kazi. Kama uko peke yako nawe una simu, iweke chini yenye sauti kubwa, uongee huku mikono yako ikifanya kazi.

Swali la pili lataka utulivu zaidi. Mlaze mtu chali. Weka kiganja kimoja juu ya paji la uso wake, na vidole viwili vya mkono wa pili chini ya mfupa wa kidevu. Elekeza kichwa nyuma polepole na kukiinua kidevu. Sababu yake ni hii: mtu aliyepoteza fahamu hulegea hata ulimi, na ulimi uliolegea huanguka nyuma ukaiziba njia ya pumzi. Wako watu waliokufa kwa ulimi wao wenyewe, wamelazwa chali na mto mzuri chini ya kichwa, huku nduguzo wakikesha pembeni. Kichwa kikiisha elekezwa, sogeza sikio lako karibu na mdomo wake, macho yako yakitazama kifua. Kifua chapanda na kushuka? Wasikia pumzi? Shavu lako lapata joto lake? Fanya hivi kwa kadiri ya sekunde kumi, usizidi. Zamani tulikuwa tukifundishwa kutafuta kwanza mpigo wa mshipa shingoni; siku hizi watu wasio waganga hawafundishwi hivyo, kwa kuwa mikono yenye hofu hudanganyika upesi, na wakati hupotea bure. Na ukiona zile pumzi za samaki, moja moja, zenye mkoromo, hesabu ya kwamba hapumui.

Jibu la swali hili ndilo lagawanya njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya mtu asiyeitika lakini apumua vizuri. Huyu na alazwe ubavu, mkono wake wa chini umenyoshwa mbele, goti la juu limekunjwa kama nguzo ya kumzuia asigeuke kifudifudi, kichwa kimeelekezwa nyuma kidogo na mdomo umeelekea chini, ili matapishi na mate yatoke nje yasiingie mapafuni. Shuleni kwetu tuna binti mmoja mwenye kifafa. Hapo kwanza alipoanguka, wenziwe walikimbia, kwa maana walisikia kwa bibi zao ya kwamba povu la kifafa huambukiza. Na wale mashujaa waliobaki walimshika miguu na mikono kwa nguvu, wakamtia kijiko kati ya meno. Tabibu alitufundisha ya kwamba kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa kugusa, na ya kwamba kijiko huvunja meno, hakiponyi. Siku hizi akianguka, wasichana wa darasa lake huondoa madawati na mawe yaliyo karibu, huweka sweta chini ya kichwa chake, hungoja degedege limwishe, kisha humlaza ubavu na kukaa naye mpaka atambue mahali alipo. Likipita dakika tano bila kukoma, tumeagana apelekwe hospitali mara moja. Muhula uliopita alitapika akiwa hana fahamu. Na kwa kuwa alikuwa amelazwa ubavu, yale matapishi yalimwagika mchangani tu. Alipozinduka aliona haya kwa ajili ya sare yake iliyochafuka, wala hakujua ya kuwa wenziwe walikuwa wamemwepusha na jambo kubwa kuliko uchafu.

Njia ya pili ni ya mtu asiyeitika wala hapumui, au apumua kama samaki. Huyu lazima akandamizwe kifua, na pasipo kukawia. Awe juu ya ardhi ngumu, si kitandani, maana kitanda hubonyea naye. Weka kitako cha kiganja, yaani pale karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kifua chake juu ya mfupa wa kidari. Weka mkono wa pili juu ya wa kwanza, ufumanishe vidole. Nyosha viwiko, mabega yako yawe juu ya mikono yako, kisha kandamiza kwa uzito wa mwili, kifua kishuke sentimita 5 hata 6, ndiyo kadiri ya upana wa vidole vitatu. Kisha kiachie kirudi juu kabisa, bila kuiondoa mikono. Fanya hivyo mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hata 120 kwa dakika, ambao ni karibu mara mbili kwa kila sekunde. Baada ya hizo 30, elekeza kichwa nyuma, mzibe pua, ufunike mdomo wake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi mbili, kila moja ya kukiinua kifua tu. Kisha urudi kwenye kifua. Asiyeweza kupuliza, kwa kuogopa au kwa kuwa mdomo umeumia, na akandamize kifua tu bila kuacha. Hiyo ni bora mara nyingi kuliko kukaa bure.

Wanafunzi wetu waliuliza, kama ilivyo haki yao, mkono ulio nje wawezaje kufanya kazi ya moyo ulio ndani. Tuliwapeleka kwa mhunzi wa kijiji, wakautazama mvukuto wake. Mvukuto ukikandamizwa hutoa upepo. Lakini usipoachiwa ujae tena, mkandamizo wa pili hauna cha kutoa. Moyo nao ni vivyo hivyo. Kifua kikishuka, damu husukumwa kwenda kichwani. Kikiachiwa kirudi, moyo hujaa damu nyingine. Kwa hiyo yule anayekandamiza upesi upesi pasipo kukiachia kifua, aonekana akitoka jasho, lakini kazi yake haina faida. Na mvukuto ukinyamaza moto huzimika. Ndiyo maana hatupumziki katikati ila kwa zile pumzi mbili.

Kazi hii huchosha hata kijana mwenye nguvu. Kila baada ya dakika mbili hivi na abadilishwe na mwingine, kwa haraka. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wengine huogopa wakisikia ubavu ukilia chini ya mikono yao. Kweli ubavu waweza kuvunjika. Lakini ubavu uliovunjika huunga, na moyo uliosimama hauanzi wenyewe kwa kuonewa huruma. Hatuachi mpaka mtu aanze kupumua na kujitikisa, au wafike wenye kazi yao, au nguvu zetu zituishie kabisa. Mahali pengine, kama viwanja vya ndege na hospitali kubwa, iko mashine ndogo ya kushtua moyo kwa umeme. Ikiwapo, iletwe upesi, ifunguliwe, ifuatwe kama isemavyo yenyewe. Kwetu haiko, nasi tunayo mikono.

Kwa watoto, na kwa mtu yeyote aliyezama, yako mambo mawili ya kuzidisha. Kwanza, hao kwa kawaida walikosa hewa kabla moyo haujasimama. Basi anza kwa kuwapa pumzi tano, ndipo ukandamize. Pili, mtoto mdogo akandamizwe kwa mkono mmoja, na mchanga kwa vidole gumba viwili, kifua kishuke theluthi ya unene wake. Na yule aliyezama asining'inizwe miguu juu, wala asikandamizwe tumbo ili maji yatoke. Maji ya tumboni hayamzuii kupumua, na yakipandishwa juu huingia mapafuni.

Tusidhani ya kuwa maarifa haya yalipatikana kwa siku moja, au kwamba watu wa Ulaya walizaliwa wakiyajua. Mwaka 1732, katika mji wa Alloa huko Scotland, mganga William Tossach alimpulizia pumzi mdomoni mchimba makaa ya mawe aliyetolewa shimoni kama maiti, naye akaamka. Habari yake ikachapwa mwaka 1744. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam waliunda chama cha kuwaokoa waliozama, na mwaka 1774 watu wa London wakaunda chao. Hata hivyo watu wale wale wa Amsterdam, pamoja na mashauri mema, walishauri pia aliyezama afukizwe moshi wa tumbaku kwa nyuma. Na katika nchi zile wengine walimbingirisha mtu juu ya pipa. Basi asichekwe mvuvi wa kwetu anayemning'iniza mwenziwe. Kila taifa lilianza kwa kubahatisha.

Baadaye zilikuja njia za kumlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongo, kama ile ya Schafer ya mwaka 1903, na ile ya Holger Nielsen wa Denmark ya mwaka 1932. Msomaji akikuta picha zake katika kitabu cha zamani kabatini, asizifuate. Katika miaka ya 1950, huko Marekani, matabibu James Elam na Peter Safar walionyesha ya kwamba pumzi ya mdomo huzipita njia zile zote, maana hewa tunayoitoa ingali inamtosha mwingine. Na mwaka 1960, katika mji wa Baltimore, watu watatu, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, waliandika ya kwamba damu yaweza kusukumwa kwa kukandamiza kifua kwa nje tu, bila kukipasua. Kouwenhoven hakuwa mganga, alikuwa mhandisi wa umeme. Tangu hapo kazi ile iliyokuwa ya chumba cha upasuaji imekuwa ya mtu yeyote mwenye mikono miwili. Karibu na wakati uo huo Asmund Laerdal, mtengenezaji wa michezo ya watoto huko Norway, akatengeneza mwanasesere mkubwa kama mtu, ili watu wajifunze bila kumwumiza aliye hai. Kwa maana kifua cha mtu mzima wa afya hakikandamizwi kwa mchezo.

Sisi mwanasesere kama huyo hatuna. Tumeshona gunia, tukalishindilia majani makavu na matambara, tukachora kidari kwa makaa. Kila Ijumaa jioni wanafunzi hulizunguka kwa zamu, mmoja akihesabu kwa sauti, mmoja akikandamiza, mmoja akiigiza yule mwenye shati la bluu. Tabibu wa zahanati hufika mara kwa mara kuwasahihisha. Walicheka sana siku za kwanza. Hatukuwakataza, maana jambo lililozoewa kwa kicheko mikono haitetemeki likija kwa kweli.

Nalo lilikuja. Mwaka jana mtumbwi ulipinduka karibu na mwalo, mvuvi mmoja kijana akatolewa majini na wenziwe, haitiki, hapumui. Wavulana wawili na msichana mmoja wa shule yetu walikuwa hapo wakinunua samaki. Watu walikwisha anza kumwinua miguu juu. Yule msichana alipiga goti mbele ya wakubwa wale, akasema, "Baba zangu, samahani, tunaomba nafasi, mlazeni chini." Wakashangaa, wakamlaza. Wakampa pumzi tano, wakaanza kifua, wakapokezana, wakihesabu kama Ijumaa. Mama mmoja aliyeanza kulia aliambiwa, "Mama, bado, tusaidie kuhesabu," naye akahesabu huku machozi yakimtoka. Waliendelea karibu nusu saa, hata wenye kazi yao wakafika na kuwapokea.

Kijana yule hakurudi. Twasema wazi, maana asomaye asije akadhani ya kuwa kila akandamizwaye hupona. Wengi hawaponi, wengine wamekaa majini mno, wengine ugonjwa wao ni mzito kuliko mikono. Wanafunzi wetu walirudi wamenyamaza, na mmoja wao aliuliza kama walikosea. Tabibu aliwaita akawaambia, mbele yetu, ya kwamba hawakukosea neno. Walimpa kijana yule nafasi aliyokuwa nayo, ambayo pasipo wao asingalikuwa nayo kabisa.

Siku ya kuondoa matanga baba wa marehemu alitujia shuleni. Tulimwamkia, tukampa kiti, tukangoja. Hakuleta lawama wala sifa. Alisema, "Waalimu, nina wana wengine wanne, na wote huvua. Hayo waliyoyafanya watoto wenu, yaweza kufundishwa mtu asiyejua kusoma?" Tukamjibu, "Mzee, yaweza. Hayana kitabu, yana maswali mawili na mikono miwili." Akasema, "Basi leteni gunia lenu mwaloni."

Tangu hapo gunia letu lina safari mbili kwa juma, Ijumaa shuleni na Jumapili jioni mwaloni, wakati wavuvi wanapotengeneza nyavu zao. Wazee wenye mvi hupiga magoti mchangani na kuhesabu pamoja na wajukuu wao. Yule mzee wa gulioni naye amekuja mara mbili. Aliuliza kwa makini habari ya pumzi za samaki, akataka aonyeshwe tena jinsi zinavyosikika, kisha akaomba akandamize yeye.

Haya ndiyo tuliyotaka kuwaambia wenzetu waalimu, na kila msomaji mwenye nyumba, mwenye duka au mwenye mtumbwi. Gunia na majani havigharimu fedha. Tabibu wa karibu hatakataa akiombwa kwa adabu kuja kufundisha saa moja. Iandikeni namba ya simu ya zahanati yenu ukutani, mahali ambapo kila mtu aiona. Na siku mtu atakapoanguka mbele yenu, kabla mtu yeyote hajatamka neno la kukata tamaa, mmoja wenu na apige magoti, amshike mabega, amwite.